Namna ya Kutazama Filamu ya Maisha ya Mtu na Kutambua Ilikogeuza Historia

Kwa watu wengi waliozaliwa baada ya mwaka 1979, sura inayowajia akilini wanapotajiwa Idi Amin ni ya mwigizaji wa Kimarekani Forest Whitaker, ingawa picha za Amin mwenyewe zipo kwa maelfu. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, naye anajulikana na kizazi kipya kupitia uigizaji wa Rami Malek kuliko kupitia sahani zake za muziki. Filamu za namna hii zina nguvu kubwa ya kukaa katika kumbukumbu, na zikishakaa ni vigumu kuziondoa. Kwa hiyo mtazamaji anayejali ukweli, na hasa mwalimu wa historia anayetaka kuzionyesha darasani, anahitaji utaratibu wa kuzipima. Utaratibu ufuatao hauhitaji utaalamu wa sinema; unahitaji karatasi, kalamu, na uvumilivu wa kutazama filamu mara mbili.

Nitaeleza mageuzi ya aina kadhaa, lakini uzito wake si sawa. Watazamaji wengi humtafuta kwanza mhusika wa kubuni au mazungumzo ya kutungwa, na wakiyapata huridhika kwamba wamegundua uongo wote. Kwa maoni yangu mageuzi yanayoharibu ukweli kuliko yote ni kuhamisha tarehe, kwa sababu mtu anayetazama hadithi huchukulia kwamba jambo lililotangulia ndilo lililosababisha lililofuata. Ukibadilisha mpangilio umebadilisha sababu, na sababu ikibadilika mtu anayesimuliwa anakuwa mtu mwingine.

Kabla ya kuanza kutazama

Jua kwanza filamu imetokana na maandishi gani. Nyingine hutokana na wasifu uliofanyiwa utafiti, nyingine na kumbukumbu za mhusika mwenyewe, na nyingine na riwaya. Filamu ya The Last King of Scotland, iliyotoka mwaka 2006 na ambamo Whitaker alimwigiza Amin, ilitokana na riwaya ya Giles Foden iliyochapishwa mwaka 1998. Maana yake ni kwamba mwandishi wa riwaya alikwisha kubuni mara moja, kisha waandishi wa mswada wa filamu wakabuni tena juu ya ubunifu wake. Asiyelijua hilo anaweza kuichukua kila dakika ya filamu kuwa ushahidi juu ya Uganda ya miaka ya 1970.

Soma pia maneno yanayotokea mwanzoni, yale yanayosema kwamba filamu imetokana na kisa cha kweli au imechochewa na matukio ya kweli. Hakuna chombo kinachopima ni kiasi gani cha filamu kiwe kweli kabla maneno hayo hayajaruhusiwa kuwekwa, kwa hiyo yasikutulize. Maandishi madogo yanayopita mwishoni ndiyo yenye faida zaidi, kwa kuwa mara nyingi hapo watayarishaji hukiri kwamba baadhi ya wahusika na matukio yamebuniwa au kuunganishwa. Usiinuke kabla hayajaisha.

Jambo la tatu la maandalizi ni kuandika tarehe tano au sita za maisha ya mtu huyo kabla hujaiona filamu. Kwa Mercury zinatosha hizi: kuzaliwa Unguja 1946, familia kuhamia Uingereza 1964, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, kuundwa kwa bendi ya Queen 1970, wimbo wa Bohemian Rhapsody 1975, tamasha la Live Aid katika uwanja wa Wembley, London, tarehe 13 Julai 1985, na kifo tarehe 24 Novemba 1991. Ni muhimu uziandike kabla, kwa sababu baada ya kutazama utakuwa tayari umeshaukubali mpangilio wa filamu, na utazitafuta tarehe zinazoafikiana nao.

Fuatilia mpangilio kuliko kitu kingine

Unapotazama, andika kila tukio kubwa pamoja na kilichotangulia na kilichofuata, hata kama filamu haitaji mwaka. Ongeza umakini unapokaribia kilele, kwa maana hapo ndipo waandishi wa mswada wanapohitaji mambo mengi yafike kwa pamoja, na ndipo wanapoyavuta kutoka miaka mingine.

Filamu ya Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018, inayosimulia maisha ya Mercury, ni mfano mzuri wa kujifunzia, kwa sababu karibu kila kitu ndani yake kinaweza kukaguliwa. Sehemu ya mwisho inasimuliwa hivi: Mercury anasaini mkataba wa kuimba peke yake, wenzake wanaona wamesalitiwa, bendi inasambaratika, yeye anazama katika starehe akiwa na watu wasiomtakia mema, anarudi kwa wenzake kuomba radhi, anagundua kwamba ana Ukimwi, anawaambia habari za ugonjwa wakiwa mazoezini, na pamoja wanapanda jukwaa la Wembley. Ni mpangilio unaoliza watu, na sioni ajabu kwamba uliwaliza.

Sasa zitazame tarehe. Roger Taylor, mpiga ngoma wa bendi hiyo, alikwisha kutoa albamu yake binafsi mwaka 1981 na nyingine mwaka 1984, na Brian May, mpiga gitaa, alitoa kazi yake mwaka 1983. Albamu ya Mercury ilitoka mwaka 1985, nyuma ya zote hizo. Kuimba peke yake, basi, hakukuwa jambo geni ndani ya kundi hilo wala hakukuwa usaliti. Bendi haikuwa imesambaratika pia: ilitoa albamu mwaka 1984, ikazunguka duniani, ikapiga Rio de Janeiro Januari 1985, na ikamaliza ziara hiyo Japani Mei 1985, miezi miwili tu kabla ya Live Aid. Kuhusu ugonjwa, Jim Hutton, aliyeishi na Mercury mpaka mwisho, ameandika kwamba majibu ya vipimo yalikuja mwaka 1987, na tangazo kwa umma lilitolewa tarehe 23 Novemba 1991, siku moja kabla ya kifo. Mtu aliyeimba Wembley mwaka 1985 hakuwa akiwaaga wenzake. Alikuwa mwimbaji aliyetoka ziarani, mwenye bendi iliyoiva, akifanya kazi anayoijua kuliko mtu mwingine yeyote uwanjani pale.

Hapa ndipo inapoonekana kwa nini nasema mpangilio ni sababu. Kwa kuyaleta majibu ya hospitali nyuma kwa miaka miwili na kuyaweka mara tu baada ya kipindi cha starehe na ugomvi, filamu inafanya ugonjwa uonekane kama malipo ya kuwaacha marafiki na familia. Hakuna mhusika anayeyatamka maneno hayo, wala hakuna haja ya kuyatamka, kwa kuwa mfuatano wa picha umekwisha kuyasema. Katika nchi zetu, ambako familia nyingi zilizika vijana wao huku majirani wakinong'ona juu ya tabia za marehemu, geuzo hilo si dogo hata kidogo.

Katika filamu hiyohiyo Hutton anaingia kama mhudumu katika sherehe nyumbani kwa Mercury, ilhali alikuwa kinyozi na walikutana katika klabu London. Geuzo hilo nalihesabu kuwa dogo, na nitaeleza baadaye jinsi ya kupima ukubwa.

Mtafute mtu asiyekuwapo

Waandishi wa mswada hubuni mtu kwa sababu mbili kuu. Ama wanataka kuwakusanya watu wengi katika sura moja, ili mtazamaji asichoke kukumbuka majina, ama wanataka mtu wa kuchukiwa au wa kutuongoza. Mkurugenzi wa kampuni ya sahani anayeukataa wimbo wa Bohemian Rhapsody katika filamu ya Mercury, aitwaye Ray Foster, hakuwahi kuwapo kwa jina wala kwa sura hiyo. Kazi yake ni kukosea mbele yetu ili sisi tujione wajanja. Hilo halina madhara makubwa.

Daktari Nicholas Garrigan wa The Last King of Scotland ni jambo jingine. Yeye ni kijana wa Scotland aliyebuniwa na kuwekwa katikati ya habari za Amin tangu mapinduzi ya Januari 1971 hadi mkasa wa ndege iliyotekwa na kupelekwa Entebbe mwaka 1976, kisha akapewa matendo ya watu halisi. Kubwa zaidi ni habari za Kay, mmoja wa wake za Amin. Filamu inampa Garrigan uhusiano na Kay, na mateso ya kutisha yanamfika mwanamke huyo kwa ajili yake. Kwa kweli Amin alikwisha kumtaliki Kay mwaka 1974, na mwaka huohuo mwili wake ukapatikana umekatwa vipande. Daktari ambaye jina lake linahusishwa na kifo hicho ni Mganda, Peter Mbalu-Mukasa, na yeye naye alifariki katika siku hizohizo. Kumwondoa daktari Mganda na kumweka Mskoti wa kubuni kumeifanya misiba ya Waganda iwe mazingira ya kukua kwa kijana mgeni. Uigizaji wa Whitaker ni wa kiwango cha juu, na tuzo ya Oscar aliyoipata aliistahili, lakini ubora wa uigizaji hauondoi tatizo hili, unalificha.

Njia ya kumtambua mhusika wa kubuni ni kuangalia jinsi anavyohudhuria. Mtu halisi hukosekana mahali fulani, husafiri, hupitwa na mambo. Wa kubuni huwapo kila linapotokea jambo kubwa, husikia siri zote, na mara nyingi huondoka salama dakika za mwisho. Ukimwona mtu wa namna hiyo, liandike jina lake, kisha ulitafute katika magazeti ya wakati ule.

Uliza nani alishika kalamu

Filamu ya mtu aliyekufa huhitaji ushirikiano wa warithi, wenzake wa kazi, au wenye haki za nyimbo, na ushirikiano huo una bei yake. Brian May na Roger Taylor walishiriki katika utengenezaji wa filamu ya Mercury, na meneja wao wa miaka mingi, Jim Beach, alikuwa miongoni mwa watayarishaji. Ukilijua hilo, utaelewa kwa wepesi zaidi kwa nini ndani ya filamu wao ni watulivu, wana familia na wanalala mapema, na kwa nini anayekosea na kuomba radhi ni yule asiyeweza tena kujibu.

Hotel Rwanda ya mwaka 2004 inahitaji uangalifu mkubwa zaidi kwa kuwa inahusu mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 na watu ambao wengi wao bado wako hai. Paul Rusesabagina, aliyekuwa meneja wa Hôtel des Mille Collines jijini Kigali, walikojificha watu waliokimbia mauaji katika siku zile, alikuwa mshauri wa filamu hiyo, na yeye ndiye shujaa wake. Baadhi ya walionusurika hotelini wameupinga hadharani mtazamo huo, akiwamo Edouard Kayihura katika kitabu kilichotoka mwaka 2014, wakisema kwamba wageni walidaiwa fedha na kwamba uwepo wa askari wa Umoja wa Mataifa ulikuwa na sehemu kubwa katika kuwanusuru. Rusesabagina amezikana tuhuma hizo. Kanali Oliver tunayemwona akiongoza askari wa Umoja wa Mataifa ni mhusika aliyebuniwa. Kamanda halisi alikuwa Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, ambaye ameandika kumbukumbu zake mwenyewe. Mtazamaji hawezi kuamua shauri hili akiwa sebuleni, lakini anaweza kukataa kuuchukua ushuhuda wa upande mmoja kuwa habari za watu wote waliokuwamo. Jiulize daima ni nani alikuwa katika jengo lile na hakuulizwa.

Filamu inaanzia wapi na kuishia wapi

Filamu ya Mercury inaanza na maandalizi ya Live Aid, kisha inarudi London mwaka 1970 kijana akipakua mizigo uwanja wa ndege. Miaka ya Unguja, shule ya bweni ya Panchgani nchini India, na kuondoka kwa familia mwaka 1964 hatuvioni. Kumbe ndivyo vilivyomlea, na kwa wasomaji wa pwani ni pengo linaloumiza.

Mwisho wa filamu unahitaji kuchunguzwa vivyo hivyo. Filamu iliyopigwa Kenya iitwayo The First Grader, iliyotoka mwaka 2010, inamhusu Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyejiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi Kapkenduiywo, Eldoret, mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, baada ya serikali kufuta karo ya shule za msingi mwaka 2003. Mwaka 2005 alisafiri hadi New York kuhutubia Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya msingi bila malipo, na hapo ndipo ushindi wake ulipofikia kilele. Lakini Mzee Maruge aliishi hadi Agosti 2009. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 alipoteza mali yake, akaishi katika kambi ya wakimbizi wa ndani mjini Eldoret, na bado akaendelea kwenda shule, kabla ya kuhamia Nairobi kwenye nyumba ya wazee. Mimi naona kwamba ujasiri wa mzee anayetoka kambini asubuhi kwenda darasani unazidi ule wa kupanda ndege. Kwa hiyo kila ukimaliza filamu, tafuta mtu huyo aliishi miaka mingapi zaidi na ni nini kilimpata.

Masimulizi ya Kiswahili juu ya filamu

Wengi wetu tumezijua filamu za kigeni kupitia watafsiri wa mabanda ya video: Lufufu kule Tanzania, DJ Afro Kenya, na VJ Jingo nchini Uganda kwa Kiganda. Ni sanaa yenye hadhi yake, na wanaoidharau hawajui ilivyowafungulia sinema mamilioni ya watu. Hata hivyo msimulizi huongeza maelezo, huwapa wahusika majina mapya na hutoa hukumu zake. Iwapo uliiona filamu ya maisha ya mtu kwa njia hiyo, itazame tena kwa sauti ya asili, hata kwa kusoma maandishi ya chini, kabla ya kumlaumu mwongozaji kwa jambo ambalo huenda hakulisema.

Jinsi ya kukagua

Anza na vitu vilivyotengenezwa wakati tukio linatokea. Kwa wanamuziki kazi ni rahisi, kwa sababu mwaka umechapishwa kwenye jalada la sahani: filamu ya Mercury inaonyesha wimbo wa We Will Rock You ukibuniwa miaka ya 1980, ilhali upo katika albamu ya mwaka 1977. Kwa wanasiasa tafuta magazeti ya siku zile. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wa machapisho ya Afrika Mashariki, Nairobi kuna Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, na Zanzibar kuna Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Kampala, mwaka 2019, Jumba la Makumbusho la Uganda lilionyesha picha za wapigapicha wa serikali ya Amin zilizokuwa zimefungiwa kabatini katika shirika la utangazaji kwa miaka mingi. Picha hizo nazo zilipigwa kwa ajili ya kumpamba mtawala, na zinahitaji kusomwa kwa tahadhari ileile.

Baada ya hapo soma kumbukumbu za waliokuwapo, zaidi ya mmoja, na ikiwezekana za watu wasiopatana. Mahojiano yaliyotolewa wakati filamu inatangazwa yaweke mwisho, maana wahusika wakati huo huwa wanaitetea filamu hata pale kumbukumbu zao za zamani zinapoipinga. Kama kuna wazee waliokuwa Kampala, Bukoba au Mwanza miaka ile, waombe wakueleze kabla ya kuwaonyesha filamu, kwa sababu picha ikishaingia huchanganyika na walichokiona wenyewe.

Kupima ukubwa wa geuzo

Ukishapata orodha, usiyahesabu mageuzi, yapime. Kwa kila moja jiulize iwapo kulirekebisha kungebadilisha maana ya maisha ya mtu huyo au hadhi ya mtu mwingine. Wimbo wa Fat Bottomed Girls wa mwaka 1978 unasikika katika ziara ya mwanzo ya Marekani, miaka minne kabla haujatoka. Ukiurekebisha, hakuna kinachobadilika, na anayelikuza kosa hilo anapoteza muda wake. Kutungwa kwa mazungumzo ya faragha nako hakuepukiki, kwani hakuna aliyerekodi maongezi ya chakula cha jioni. Ila ukirekebisha mwaka wa ugonjwa wa Mercury, nusu nzima ya mwisho inaporomoka. Ukimrudisha Mbalu-Mukasa mahali pake, kisa cha Kay kinakuwa cha Waganda. Hayo ndiyo ya kuandikwa kwa wino mzito.

Mwalimu anayetaka kulitumia zoezi hili darasani asianze kwa kuwaambia wanafunzi kwamba filamu inadanganya, maana watakoma kuitazama kwa makini. Awaonyeshe dakika ishirini za mwisho za The First Grader, awape kwenye vipande vya karatasi matukio ya Mzee Maruge kuanzia 2003 hadi 2009 yakiwa yamechanganywa, kisha wayapange wenyewe na kuonyesha filamu imeishia kwenye kipande kipi. Halafu kila kundi lichague mahali ambapo lingemalizia filamu, na lieleze ni nani au ni jambo gani lingeachwa nje kwa uchaguzi huo.